Zéphirin Aliyefuata Uvumi Nyumba kwa Nyumba

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kwenye kilio hiki, mimi ni Ngosa Désiré, mdogo wake marehemu. Nasoma wasifu wake nikiwa na aibu.

Marehemu Kasonde Zéphirin alizaliwa tarehe 14 Machi 1917 huko Kasungami, mtoto wa kwanza wa mzee Chola na mama Nkandu, wakulima. Alisoma kwa mapadri miaka mitano tu. Mwalimu alimwambia baba kwamba mtoto ana akili, ila anauliza sana.

Mwaka 1933 alianza kujifunza ushonaji hapa Kamalondo, na mwaka 1941 akanunua cherehani yake mwenyewe. Wateja wake mnakumbuka: ukimwambia kiuno chako ni kilekile cha mwaka jana, alicheka, kisha akakupima upya. Lakini hakuwa mtu wa kubishia kila kitu. Siku moja kijana msomi alimtania kwamba hakuna binadamu anayeweza kujua jambo lolote kwa hakika. Marehemu akamsogezea pasi ya makaa. "Basi, weka mukono hapa chini." Kijana akaurudisha mkono mfukoni. Kwa marehemu, kuamini kulitaka sababu, na kutilia shaka kulitaka sababu vilevile.

Mwaka 1943 alifunga ndoa na Constance Mutale. Walijaliwa watoto wanne, na katika miaka kumi na tisa hakuna jirani aliyeitwa kuamua ugomvi wao.

Sasa nafika mwaka jana. Mwezi wa Agosti 1961 mtaa mzima ulisema kwamba vitumbua vya mama Clotilde, jirani yetu kutoka Kasai, vina sumu. Mnazikumbuka siku zile, baada ya Katanga kujitenga na Kongo na watu wa Kasai kuonwa maadui: jambo likisemwa asubuhi juu ya Mkasai, jioni lilikuwa kweli. Hata watu wenye busara zao walisema, "Kila muntu anajua." Marehemu alinunua vitumbua vitatu, akavila mbele ya watu. Kisha akaanza kuuliza. Nani alikufa? Nani alikuambia? Alizunguka nyumba kwa nyumba siku mbili, kila jina likimpeleka kwa jina lingine, na jina la mwisho lilikuwa langu.

Binti yangu Simone alikuwa ameumwa tumbo. Mimi nikiwa baa, nikitaka kusikilizwa, nilisema alikula vitumbua vya Clotilde. Marehemu aliponiuliza, nilijificha nyuma ya shaka: "Kaka, nani anaweza kujua? Pengine iko kweli."

Akanijibu: "Weye unajua, Désiré. Mutoto alikunywa munkoyo ya mahindi yenye ilichacha siku tatu, na ulimuona na macho yako. Usijifanye haujui. Enda ubaambie bantu."

Sikwenda. Nilijiambia kwamba maneno yangechoka yenyewe. Siku ya tatu vijana walivunja kibanda cha Clotilde, wakamwaga unga wake, wakamvunja mkono mume wake Clément. Mwezi wa Septemba Clotilde na mume wake wakakimbilia kambi ya wakimbizi. Marehemu aliwatembelea huko kila Jumapili akiwapelekea nguo alizoshona, mpaka waliposafirishwa kwenda Kasai mwezi wa Mei mwaka huu. Mimi sikukanyaga kule hata mara moja.

Mwezi wa Juni kifua kilianza kumbana marehemu. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani, akafariki Alhamisi tarehe 9 Agosti 1962, saa tatu asubuhi. Tangu juzi watu wawili wameniuliza ni nani aliyemloga. Daktari alisema ni mapafu. Tafadhali, msianze.

Jumatatu ile, siku tatu kabla hajafa, alinishika mkono. "Siku ya kilio yangu, bantu bote batakuwa pale. Utabaambia?" Nikamjibu ndiyo.

Basi sikilizeni. Mama Clotilde hakutia sumu katika chakula cha mtu yeyote. Uongo ule niliuanza mimi, na wakati nausema nilijua ni uongo.

Marehemu ameacha mjane, mama Constance, watoto wanne, mimi mdogo wake, na kule Kasai, Clément na Clotilde, ambao hawajapata habari. Nitawaandikia mimi mwenyewe, habari zote mbili.

Kaka, nimewaambia. Pumzika sasa kwa amani.