Mama Nani-Kasema na Kadi ya Neno "Umbua"

Sijapata kumwambia mtu yeyote jambo hili: ile hadithi ya neno "umbua" iliyomwaibisha mkutubi wa shule yetu mbele ya wazazi, niliitunga mimi. Naliandika hapa kwa sababu Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, na sitaki aondoke amebeba kosa langu.

Alianza kama karani wa stoo, wakati maktaba yote ilikuwa kabati moja lenye mlango usiofunga. Leo ni vyumba viwili, na vitabu vingi vina mshono wa uzi wake mweusi mgongoni. Jina la Mama Nani-Kasema alipewa na wanafunzi waliotutangulia, maana ukimpelekea habari yoyote, hata ya kwamba mvua inanyesha, lazima akuulize, "Nani kasema?"

Uvumi ulipoenea kwamba chumba cha nyuma kina jini linalofunua kurasa, alichukua stuli akaketi humo mchana kutwa, akishona vitabu. Alitoka na jibu: kioo cha dirisha kimelegea, na jini ni upepo. Mwanafunzi mmoja alimletea jalada tupu, akiapa kwamba mbuzi wa kwao amekula kurasa. Mama alipitisha kidole kwenye ukingo ulionyooka kama rula, akasema kwa upole, "Mwanangu, mbuzi wenu anatumia mkasi?" Kesho yake kurasa zilirudi.

Sasa kuhusu kadi. Kila Jumatatu maktaba hubandika kadi ya Neno la Wiki, pamoja na maana na asili yake, nasi wanafunzi huiandika kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, neno lilikuwa "umbua", yaani kumfichua mtu na uongo wake. Maana niliijua. Asili sikuipata, na niliona haya kuuliza. Basi nikabuni: kwamba hapo kale palikuwa na kijana mwongo, na kila akidanganya, umbu lake, yaani dada yake, alimfichua mbele za watu, ndipo kazi ya umbu ikaitwa kuumbua.

Mwalimu mkuu aliipenda, akaisimulia kwenye mkutano wa wazazi. Baba mmoja, fundi saa aliyesoma hapahapa, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Nani kasema?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Leo Mama kaumbuka!"

Mkutubi alisimama. "Kadi imetoka maktaba," alisema, "na maktaba ni mimi. Nipeni wiki moja."

Nilikuwa mstari wa tatu, nikitazama viatu vyangu.

Mwandiko wangu anaujua. Ndiye aliyenifundisha kuandika lebo za vitabu. Hata hivyo hakuniuliza. Jumatatu iliyofuata tulikuta kadi mpya: "Fumba, fumbua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Umba, umbua. Uongo huumbwa ukapewa sura; kuumbua ni kuivunja sura hiyo." Kadi yangu hakuichana. Aliibandika kando, akaandika juu yake maneno mawili tu: "Si kweli." Mahali pa jina la mwandishi pamebaki patupu mpaka leo, kama nilivyopaacha.

Mama, asante kwa kila kitabu ulichokishona na kila swali lililotutoa jasho. Huko nyumbani uendako tunakuombea siku nyingi, macho mazima ya kusomea, na wajukuu wasiothubutu kukuletea habari za mbuzi.

Nilipomaliza kuandika haya nilikwenda maktaba, kabla ya kengele ya kwanza. Nilichomoa pini, nikaandika jina langu kwenye ile kadi ya zamani, nikairudisha ubaoni. Kisha nikaenda mezani kwake, nikamwambia, "Mama, nilisema mimi."