Kamusi Ameanza Tena Kula Kurasa

Benchi la nje ya duka la Mama Yang, hapa Incheon, Korea, halikosi kelele, lakini asubuhi ile lilipigwa na bumbuwazi. Mzee Man-sik, ambaye wenzake walimpachika jina la Kamusi, alichana ukurasa wa kamusi ya Kiingereza, akaukunja, akautia mdomoni. Wenzake wawili wakabaki na vikombe vya kahawa hewani: Kanali, aliyekuwa mpishi jeshini, na Daktari, aliyekuwa akiuza dawa za mifugo.

— Makubwa haya! Kamusi, unatafuna nini? aliuliza Daktari.

— Ukurasa. Nimeshaukariri.

— Hayo si mambo yetu ya shule? Kanali alimaka. Tulikuwa tukikariri tunaula, usitutoroke kichwani. Una miaka sabini na nne, bwana!

— Niliishia herufi ya D, baba akafa, nikaenda kiwandani. Na Bo-ra anatua leo.

Hapo wakanywea kidogo. Bo-ra ni mjukuu wake, kazaliwa Marekani. Kwenye simu huwa wanachekeana tu mpaka mama yake atafsiri. Man-sik aliogopa kufa akikumbukwa kama kizee cha kuchekacheka, na hofu hiyo ilimkosesha usingizi.

— Sasa umefika wapi?

— Nimerukia «run», neno la kukimbia. Kurasa mbili nzima!

— Kineno hicho?

— Mtu anakimbia. Pua nayo inakimbia.

— Pua! Inakwenda wapi?

— Bomba la maji linakimbia. Mwenye duka naye analikimbiza duka.

Mama Yang alichomoza kichwa dirishani.

— Mimi nikimbize duka? Na magoti haya?

— Hata anayegombea ubunge, wanasema anakimbia.

— Hapo sawa, alisema Kanali. Akishapita humwoni tena. Lakini nawaambieni, hiyo ni mbinu ya vita. Adui akisikiliza, achanganyikiwe!

— Vita wapi! Daktari alimkata. Wana uhaba wa maneno, wanaazimana. Kamusi, usitafune kavu. Chemsha na tambi, tia kimchi, kabichi yetu ya pilipili, maana zote ziingie damuni kwa mpigo. Ng'ombe niliwapa dawa hivyohivyo.

— Wakapona?

— Wakala.

Man-sik hakucheka. Aliubugia ukurasa wa pili wote, na papo hapo teksi ikasimama. Akashuka binti yake, na nyuma yake msichana mrefu mwenye begi mgongoni. Msichana akaja mpaka mbele ya benchi, akainama sana, akasema Kikorea polepole, kwa heshima zote, kama wajukuu wa mtaa huu wanavyowasalimu wazee wao:

— Babu, umeshakula?

— Mwaka mzima anajifunza kwa siri, alisema mama yake.

Kanali alimtazama Daktari. Daktari alitazama kahawa yake. Man-sik alisimama mashavu yamemvimba kwa karatasi, machozi yanamtoka, hajui ameze au ateme.