Kidonda Kilichokataa Kufunga

Ndugu zangu, mnivumilie. Ulimi niliobaki nao ni nusu, na nikisema sana mate yananitoka. Wa mbele msogee nyuma kidogo basi! Haya, chekeni, hata mimi nacheka siku hizi.

Mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa kutoka Suguti, nilitokwa na kidonda chini ya ulimi. Nilikuwaga navuta kiko tangu nimezaa mtoto wa kwanza, nikasema ni moto wa kiko tu. Kikakua. Kutafuna nikashindwa, nikawa mtu wa uji mwembamba. Nilipofika hospitali kule Mwanza nilikuwa mifupa mitupu.

Wakanikata nusu ya ulimi na kipande cha taya, wakanipitishia puani mpira wa kunilishia. Nikasema nimepona. Wapi! Shingo ikavimba, mshono ukafumuka, mate yakawa yanatokea shingoni. Harufu yake, jamani, mimi mwenyewe nilitamani kujikimbia.

Daktari akaniambia waziwazi: "Mama, uliingia hapa umekonda, damu haitoshi, na moshi wa miaka yote umo mwilini. Kidonda cha mtu wa hivyo ni rahisi kufumuka. Tutakutilia mayai kwenye maziwa. Ukikataa, utakufa."

Nikakataa. Akina mama mnajua: kwetu mwanamke aliyeolewa hali kuku wala yai, akila anaua watoto. Nilikuwa na wanne nyumbani. Nesi akija na kikombe, naushika ule mpira naukunja. Kusema siwezi, kulia kunauma. Nikageukia ukutani, nikamwomba Mungu anichukue mimi, aniachie wanangu.

Mume wangu akapelekewa habari. Aliyekuja ni mama yake, yule yule aliyewahi kunichapa mkono kwa kulamba yai lililonivunjikia vidoleni. Kabeba kikapu cha mayai aliyoyafukia kwenye mtama yasivunjike njiani. Akaitazama shingo yangu, akakaa sakafuni, akalia. Kisha akainuka na hasira.

"We mwanamke! Unataka mimi na uzee huu nikulelee watoto wanne?"

Akagonga yai kwenye chuma cha kitanda, akalinywa bichi mbele ya wodi nzima. Akaziba mdomo asitapike.

"Haya. Kama mwiko unaua watoto, ataanza wangu, mumeo."

Nikauachia mpira.

Kidonda kilichukua miezi, lakini kilifunga. Nawashukuru madaktari na manesi, na ninyi wa kijijini mlionilimia pamba. Mama mkwe, asante. Mwanao mzima, huyo hapo anasinzia.

Nawaambia, mnaovuta kiko, kitupeni kabla ya kisu. Mgonjwa asiyeweza kutafuna, mtafutieni cha kumpa nguvu kabla hajakatwa. Nanyi mama wakwe, mkimfungashia mgonjwa kanga zake, mfungashieni na ruhusa ya kula.

Maana kitanda cha pili kutoka changu alilala mama wa Kibara, shingo yake kama yangu. Kila siku kikombe chake kilirudi jikoni kimejaa. Kwao walimpenda sana, walikuja wengi kumchukua wakamzike. Hakuna aliyekuja mapema kumwambia anywe.