Kaka Yetu Duara, Mkerezaji wa Vioo vya Mkobani

Mimi ni mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yetu. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu wengine wote walisema hawataweza. Mimi pia sitaweza, lakini nitausoma.

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Duara, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa pili wa baba aliyepaka rangi mabehewa na mama aliyefua nguo za watu. Mama alisema alichelewa kusema, ila chochote cha mviringo alikizungusha sakafuni: vifuniko vya sufuria, makopo ya rangi, hata kofia ya baba. Jina likamganda tangu hapo.

Alisoma shule ya msingi jirani na stesheni, kisha akaingia shule ya ufundi kuchukua useremala. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwenye mashine ya kukereza hukumwondoa. Siku moja aliupamba mguu wa kiti, akaupunguza, akaupunguza tena, hadi mwalimu wa karakana akauinua juu na kuuliza darasa zima, "Kiti hiki atakikalia nani, njiwa?" Tangu siku hiyo alipewa vitu vidogo. Alihitimu mwaka 1976.

Baada ya miaka kadhaa katika kiwanda cha samani, mwaka 1983 alifungua karakana yake kwenye uchochoro nyuma ya duka la viatu. Alitengeneza vioo vya mkobani: vile vya mbao, vyenye kifuniko, vinavyoenea kiganjani. Kifuniko na kitako alivitoa katika kipande kimoja cha mbao ili, kikifungwa, mistari ya mbao ikutane. Alivikereza nusu, akavifukia kwenye gunia la maranda vikauke polepole, ndipo akavikereza mara ya pili na kuvitia bawaba. Mwenye haraka alimwelekeza kwenye duka la plastiki, tena kwa adabu zote.

Wifi yangu, fundi cherehani, alinunua kimoja. Baada ya wiki chache akarudi nacho kikiwa na ufa. "Fundi," akamwambia, "humu nina pua mbili. Nichague ipi?" Kaka alikuwa hajajua bado kwamba kioo hakipaswi kubana, mbao ikisinyaa inakivunja. Ni lazima kiachiwe nafasi kidogo pembeni na kutandikiwa kitambaa chini. Akamtilia kingine, nacho kikapasuka. Cha tatu pia. Sisi ndugu tulimtania maisha yote kwamba hicho cha tatu alikibana makusudi, na hakuwahi kukana. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa binti, ambaye leo ni muuguzi, na mtoto wa kiume tuliyemwita Gundi, kwa vile alivyomng'ang'ania baba yake.

Gundi alipomaliza shule, kazi waligawana. Baba alikereza, mwana alikata vioo na kuvitia. Walikuwa hawaongei. Mmoja alinyoosha mkono, mwingine akaweka kifaa kinachotakiwa, na ukiingia pale ulijiona umewakatiza. Ile ndiyo miaka niliyomwona kaka yangu ana furaha.

Tarehe 9 Juni 2016 vioo viliisha. Mvua ilikuwa inanyesha na Gundi alitaka kungoja kesho ndipo akanunue vingine. Kaka akamwambia, "Nenda sasa hivi, mwanangu, watu wanasubiri." Lori lililokatika breki lilimkuta kwenye mteremko. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Matanga yalipokwisha, kaka alirudi karakana. Alikereza kama kawaida, akapiga msasa, akatia bawaba na pini ya shaba, akang'arisha. Lakini pale pa kioo aliacha shimo. Akakiweka hivyo hivyo, kitupu, kwenye rafu, akaanza kingine. Wateja walikuja, wakafungua, wakatazamana, wakaacha kuja. Wifi alimsihi, "Baba Gundi, tia hata kimoja tu, kwa ajili yangu." Alimjibu, "Vioo vimeisha," akarudi kwenye mashine. Jibu likawa hilo hilo mwaka hadi mwaka. Kwetu sisi hapakuwa na jambo jingine tulilolitaka duniani: siku atakayotia kioo, tutajua amerudi kwetu.

Mwaka 2023 kikohozi kilimshika. Daktari alisema mapafu yameharibiwa na vumbi la mbao, aache kazi, na kama hawezi kuacha, avae barakoa. Barakoa aliitundika kwenye msumari, ikala vumbi kwa niaba yake. Julai mwaka uliofuata alilazwa na hakutoka tena.

Wiki ya mwisho nilimpelekea wodini kimoja cha vile vyake vyenye shimo, pamoja na kioo nilichokatiwa na fundi wa madirisha, kitambaa na gundi. Nikamwambia, "Kaka, mimi sijui. Nisaidie." Alikipokea kile kioo, akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, pande zote. "Kimekatwa vizuri," akasema. Wifi alinishika mkono kwa nguvu hadi ukauma. Kisha kaka akakilaza kifudifudi juu ya shuka, akatutazama. "Mwambieni Gundi asiende," akasema. "Kuna mvua."

Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, asubuhi, binti yake akiwa kando yake. Ningependa kuwaambia kwamba aliondoka na amani moyoni. Hakuwa nayo, na sitawadanganya mbele ya jeneza lake.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, kaka yetu mkubwa, na mimi. Mwanawe wa kiume alimtangulia. Wifi ameviondoa vyote kwenye rafu na kuvileta. Vimo katika makasha pale getini. Mkitoka, kila mmoja achukue kimoja. Mkikifungua mtaona shimo. Tafadhali msitutafute tuwatilie kioo. Waliojua kazi hiyo walikuwa wawili, na wa pili ndiye huyu.

Kaka yetu na apumzike sasa, maana kwetu hakupumzika.