Punda Milia wa Mumbuni

Mheshimiwa Mwakilishi wetu wa Wadi, Chifu, mapadre na maimamu, wazazi wenzangu, watu wa boda ambao leo mmeegesha vizuri bila kusukumwa, na Mhandisi Winfred, ambaye kwa mpango wa serikali anatajwa mwisho lakini kwa mpango wa tumbo langu ndiye kifungua mimba: hamjambo wote?

Nimeambiwa niongee dakika mbili. Aliyesema hivyo hanijui.

Mimi ni Loise, mama yake mhandisi. Napika chapati hapa Mumbuni, pale kwa mlango wa bluu. Shule niliachia darasa la sita, lakini huyu msichana nilimbeba mgongoni nikipita hapa hapa, wakati barabara ilikuwa mashimo yaliyoshikana mikono. Nani hapa hajawahi kurukia mtaro akikwepa gari? Mzee Ngui, si ni wewe uliingia humo na baiskeli na trei ya mayai, tukakutoa ukiwa wa manjano kama kifaranga?

Sasa sikizeni vile barabara hii nusura itupotee.

Mwaka jana Winfred na ofisi yake walikuja hapa hapa barabarani kutuuliza maoni. Tukikataa, mradi unaenda kwingine, hakuna kubembelezana. Msichana wangu akasimama na kofia yake ngumu, akasema tutawekewa matuta, njia ya baiskeli, njia ya miguu, na kivuko cha punda milia mbele ya shule.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Mzee Ngui ako na ndugu huko nyika za Konza, na anajua punda milia wanavyofanyia mtu mahindi. Akainuka na fimbo, akauliza ni kwa nini wanyama wa Konza wajengewe njia mpaka shambani kwake na binadamu bado wanaruka mitaro. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akataka kujua watapita saa ngapi, ndio afungie kuku. Kabla Winfred hajafungua mdomo, mkutano mzima ulikuwa unasema hatutaki.

Mtoto wa mama mwingine angelia. Wangu aliingia jikoni kwangu mbio, akatoka na unga wa ngano, ule wa chapati za mchana, akaumwaga barabarani mistari mistari, akaniambia, "Mama, vuka."

Nikavuka. Polepole, na gauni hili hili, kwa sababu mtu akitazamwa na watu wengi hivyo ataharakishia nini?

Lori la Salah, yule muuza mbuzi, likatokea huko juu likiteremka kwa kasi. Kufika kwa unga, likasimama kabisa.

Chifu akamuuliza Salah hiyo alama aliisomea wapi.

"Alama gani?" Salah akasema. "Mimi siwezi kukanyaga chakula."

Mzee Ngui akatazama lori, akanitazama mimi ng'ambo, akakaa chini. "Kama punda milia mwenyewe ni Mama Winfred," akasema, "mleteni tu. Huyo mahindi yangu amekula miaka mingi."

Mikono ikainuka, mradi ukapita.

Wageni waalikwa, tangu siku hiyo naitwa Mama Punda Milia, mpaka kanisani. Naitika. Tazameni hiyo lami! Tazameni watoto wanatembea kando bila kushika roho! Kuna wahandisi wa kuchora kwa karatasi, na kuna mmoja wa kuchora kwa unga wa mamake. Nyinyi mlipewa huyo mmoja, na mimi ndiye nilimzaa.

Mheshimiwa, mkasi uko tayari, lakini ukishakata utepe, wa kuvuka kwanza asiwe wewe wala mimi. Mzee Ngui, amka. Trei yako ya mayai hii hapa, nimekununulia. Shika kwa mkono mmoja, huo mwingine nipe mimi. Salah, nakuona hapo na mbuzi wako. Leo ni rangi, si unga, lakini simama vile vile.

Nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio. Sasa niazimeni miguu, tuvuke.