Bolti ya Kwenye Kopo la Biskuti

Wasikilizaji wapendwa wa Otamere na mabonde ya jirani, kama birika lako linapiga kelele liepue kwanza, kisha uketi. Leo tunamkumbuka Athol Treweek, fundi wa uzio na mwindaji wa kulungu. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na minane.

Athol alijenga nusu ya uzio unaozuia kondoo wa bonde hili, na nusu nyingine aliisema vibaya. Kulungu wake mkubwa kuliko wote Athol alimpiga risasi mwaka themanini na moja. Mwaka ule pembe zilikuwa na ncha kumi na mbili. Krismasi iliyopita, kwa masimulizi yake, zilifika kumi na nane. Pembe zimetundikwa ukumbini, yeyote anaweza kuzihesabu. Hakuna aliyethubutu.

Lakini palikuwa na jambo moja lililomnyima Athol raha ya chai yake, nalo lilikuwa na jina: Lindsay Croad, shemeji yake, mdogo wa mkewe Noeline. Lindsay aliitwaa Sahani ya Fedha ya klabu yetu ya shabaha mara nane. Athol alikuwa wa pili mara nane. Tunarudia: Lindsay wa kwanza mara nane, Athol wa pili mara nane. Athol alitaka kumshinda Lindsay mara moja tu, kisha afe akitaka.

Siku moja mtutu wa bunduki yake ukachoka. Akaupeleka kwa Raewyn, fundi bunduki wetu.

"Koo la mtutu limeungua, Athol. Risasi zako zinatoka kama kondoo waliofunguliwa geti."

"Weka mtutu mwingine."

"Wa risasi gani?"

"Lindsay ana gani?"

"Sikuulizi habari za Lindsay. Bunduki unayo moja. Mlimani unapanda nayo, Jumamosi unalala nayo kifudifudi kwenye uwanja wa shabaha. Chukua ya milimita sita na nusu. Utatengeneza risasi zake kwa maganda yale yale matupu uliyojaza kwenye chupa za jamu. Bolti inayofungia risasi mtutuni haiguswi, teke lake ni dogo, na upepo hauichezei sana."

"Na Lindsay anayo?"

"Anayo."

"Basi sitaki. Nikimshinda nayo atasema nimemwibia akili. Nipe saba kubwa, ile ya baruti nyingi."

"Ganda lake ni pana kitakoni. Itabidi nipanue uso wa bolti unaokishika kitako hicho, na ukishapanuliwa haurudi."

"Panua."

Wasikilizaji, Raewyn akapanua.

Aprili ile madume ya kulungu yakaanza kunguruma kuita majike. Athol akapanda na saba kubwa yake. Dume la kwanza alilipiga begani, na bega zima likawa uji. Noeline anakumbuka vizuri. "Tulikula soseji hadi Agosti," anasema. "Nyama ya kuchoma nikawa naipata kwa Lindsay. Na Athol alikuwa anainusa kwenye nguo zangu."

Uwanjani mambo yakawa mabaya zaidi. Saba kubwa ilimpiga teke mpaka akaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Baruti ile nyingi ikaula mtutu. Majira mawili ya baridi tu, koo likamegeka kama njia ya ng'ombe.

Mnajua hapa kwetu mtutu uliokwisha unakwenda wapi. Noeline akauchomeka bustanini kuegemeza nyanya, karibu na ule wa kwanza. Lindsay akapita uani, akasimama, akatazama.

"Dada, nyanya zenu mwaka huu zimeegemea mali."

Athol alimsikia akiwa bafuni. Hakula chakula cha mchana.

Sasa alitaka kurudi kwenye sita na nusu. Lakini bolti ilikuwa imepanuliwa, na bolti nyingine ya bunduki ile ya kizamani ilikuwa moja tu katika bonde zima. Ilikuwa kwa Lindsay, ndani ya kopo la biskuti. Wiki sita Athol alipita mbele ya geti la Lindsay akijifanya anakagua uzio. Wiki ya saba akaingia.

"Shemeji, ile bolti ya kwenye kopo."

"Bolti gani?"

"Usinifanye mtoto."

"Aa, ile. Kwani yako ina nini?"

"Unajua ina nini."

"Najua. Nataka kukusikia ukisema."

"Niliipanua kwa wivu. Umeridhika?"

"Bado. Mtutu mpya ni wa risasi gani?"

"Kama yako."

"Sisikii, upepo huu."

"Kama yako, Lindsay! Sita na nusu!"

Lindsay akacheka mpaka mbwa akatoka kuangalia. Kisha akalileta kopo. "Ukinishinda kwa bolti yangu, siku ya mazishi yako naichukua."

"Chukua. Utaikuta imeshazoea kushinda."

Raewyn akaisawazisha bolti ile na mtutu mpya. Machi mwaka huu wakashindania Sahani: yadi mia nane, risasi kumi kila mmoja. Moyo wa Athol ulikuwa umeshaanza kumsumbua, na Noeline alikaa nyuma yake na vidonge mkononi. Lindsay alipata alama arobaini na nane. Athol alipata arobaini na tisa. Alama moja, wasikilizaji. Moja.

Athol aliifunga Sahani mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari. Noeline akakaa nyuma.

Alhamisi tulimzika. Ukumbini, chini ya zile pembe, Lindsay alisimama kusema.

"Nilimwonea wivu," alisema. "Kila alipotoka kwa Raewyn, kesho yake nilikuwa pale nikiuliza Athol amechagua nini. Nimeshinda mara nane. Nani aliwahi kuniomba nisimulie? Yeye kashinda mara moja, na tangu Machi siwezi kununua maziwa bila kusikia habari zake!"

Noeline akamwekea bolti kiganjani. "Ahadi yako hiyo."

"Bila mtutu wake hii ni chuma tu, dada."

"Mtutu unakwenda kwenye nyanya."

"Bado mzima kabisa ule!"

"Basi upige wewe mpaka uishe. Ukiisha, uulete mwenyewe, na uuchomeke mwenyewe."

Lindsay akaitia bolti mfukoni, akafuta pua, akatugeukia. "Basi ndiyo hivyo. Alinishinda kwa alama tatu."

"Moja, Lindsay."

"Tatu, dada. Tulia."

Kwako Noeline, na kwa familia yote, poleni sana kutoka kwetu sote. Nawe msikilizaji mpendwa, mfikirie yule unayemwonea wivu. Huenda ndiye anayekutoa kitandani asubuhi. Mpitie leo umwambie, akiwa bado anaweza kukucheka.

Na ukimkuta Lindsay dukani, mwulize zilikuwa alama ngapi. Sisi tulimwuliza jana. Zimefika nne.