Selestine Mihayo na Majuma Mawili ya Samuye

Bwana Selestine Mihayo anatuaga tarehe 30 Juni 1988, baada ya miaka ishirini na minne katika kituo chetu cha utafiti wa pamba. Maneno haya ni yangu, Bibi Tabu wa jikoni. Generosa wa mapokezi anaandika tu, na nimemkataza kuyatia sukari.

Alikuja kuwa karani wa takwimu, mwembamba, ana majivuno. Chai yangu aliiita maji ya kunawia, kisha akaomba kikombe cha pili.

Kompyuta ilipoletwa mwaka 1985, wengine waliichungulia kama bibi harusi. Yeye alijifunza lugha yake, akaitungia amri zake mwenyewe. Unaipa amri safu nzima ya namba, yaani hesabu ya vitumba vya pamba juma kwa juma, nayo inazigeuza zote kwa mpigo mmoja. Kama mashine ya kusaga: gunia linaingia, unga unatoka. Tulimpigia makofi.

Msimu ule kijiji cha Samuye, penye shamba letu moja la majaribio, walifiwa mara mbili mfululizo. Huku kwetu msiba ukiwa kijijini, shambani hakuendi mtu. Majuma mawili vitumba havikuhesabiwa. Selestine kwa haraka zake alikuwa ameiambia amri: pasipo na namba, weka sifuri. Wastani wa Samuye ukaanguka, na mbegu yao inayovumilia ukame ikafutwa katika orodha ya mbegu za kugawiwa wakulima.

Mzee Onesmo wa Samuye alikuja mpaka ofisini. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunazika, ninyi mkaandika shamba halikuzaa?"

Selestine akamwambia, "Nimekosea, mzee." Alitunga amri nyingine, inayoacha pengo libaki pengo na kukokotoa yale majuma yaliyohesabiwa tu. Mbegu ya Samuye ikatoka ya pili kati ya tisa. Akampelekea mkuu wa kituo, naye akamjibu, "Matokeo yameshatangazwa, Mihayo. Unataka tuchekwe?" Kila msimu alirudi na karatasi zile, mpaka akahamishiwa stoo kugawa majembe. Mbegu waliyopewa Samuye badala yake ilikauka mwaka jana. Ile yao haipo tena.

Selestine, wakubwa watakupa blanketi na hotuba. Mimi nakushukuru kwa sababu ulikosea ukasema nimekosea, na humu ofisini sijamsikia mwingine.

Kabla ya kwenda kwenu Mhunze, fika kwanza Samuye. Watakutukana. Wasikilize mpaka wamalize, kisha watakupa kiti. Mungu akupe afya, mwanangu, na uzee wenye watu.